Mtafuta Foleni

Watu wenye akili zao hununua kile kidude cha kuonyesha njia garini ili waikimbie foleni. Mzee Upepo alikuwa akikitumia kuitafuta. Kidude kikimwonyesha kwamba barabara fulani ni nyekundu, magari yamebanana, yeye huwasha indiketa na kuelekea huko huko kwenye wekundu, tena anapiga mluzi. Majirani walishamjadili wakachoka. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema ni kustaafu, maana kustaafu nako kuna wazimu wake. Basi kabla nawe hujatia neno lako, sikia kwanza mtu huyu alikotoka.

Jina la Upepo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wauguzi wa hospitali kubwa ya mji, ambako aliendesha gari la wagonjwa tangu ana nywele kichwa kizima mpaka akabakiwa na zile za karibu na masikio tu. Wauguzi walisema mgonjwa akipandishwa kwenye gari la Upepo, nusu ya ugonjwa humtoka njiani kwa hofu. Yeye hakuona cha kucheka. Kwake, dunia ilikuwa na madereva wa aina mbili: wanaopisha, na wale ambao, kama mambo yangekuwa mikononi mwake, wangenyang'anywa funguo watembee kwa miguu hadi kiama. Akirudi nyumbani jioni, kabla hajavua viatu, mkewe alikuwa ameshasimuliwa habari za bwana fulani aliyesikia king'ora nyuma yake na bado akakaa katikati ya barabara kama kigingi. "Sijui mtu wa namna ile ana moyo au ana jiwe," alikuwa akisema. Mkewe humjibu, "Nawa mikono, chakula kinapoa."

Miaka yake ya mwisho kazini, hospitali ilifunga vile vidude kwenye magari yake yote. Madereva wa rika lake walivinunia, wakasema hawawezi kuamrishwa na kioo. Upepo alikipenda chake siku hiyo hiyo. Kilikuwa na ramani, kilikuwa na sauti ya bibie mmoja mtulivu asiyejua kupandisha hasira, na zaidi ya yote kilikuwa na rangi. Barabara inayopitika ilikuwa ya kijani, inayosuasua ilikuwa ya chungwa, iliyoziba ilikuwa nyekundu, na rangi hizo zilibadilika hapo hapo unapotazama, kadiri magari yalivyosogea mjini.

"Kwa hiyo huyu anaona mpaka nyuma ya kona?" aliuliza.

Akaambiwa ndiyo.

"Basi tumeelewana."

Tangu siku hiyo, bibie akisema pinda kushoto, Upepo alikuwa ameshapinda. Walipatana kwa sababu walikuwa na tamaa moja tu duniani, nayo ni kufika.

Alipostaafu, binti yake alimnunulia kidude cha namna ile ile kwa ajili ya gari la nyumbani. Zawadi nzuri sana, ila ilikuwa na kasoro moja: mwenye zawadi hakuwa na pa kwenda. Wiki za mwanzo alikiandikia "sokoni", kikampa muda wa kufika, naye akauona muda huo kama uchokozi. Akakanyaga mafuta, akafika mapema kuliko alivyotabiriwa, akajipongeza peke yake kwenye maegesho, akanunua vitunguu, akarudi mbio. Vitunguu vikajaa nyumbani mpaka mkewe akauliza kama wanafungua duka.

Mkewe ndiye aliyekuwa na kazi sasa. Alikuwa mwoka keki, na mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Jiko lake lilikuwa na oveni mbili, friji lililokatazwa kuwekwa kitu chochote chenye harufu ya kitunguu, na meza ndefu yenye kile kisahani kinachozunguka ambacho keki hukaa juu yake ikipakwa krimu. Mama Keki akipaka krimu hakuzungumza wala hakujibu salamu. Alishika pumzi, kisu bapa mkononi, akakizungusha kisahani kwa kidole kimoja, na krimu ikalala laini kama shuka iliyopigwa pasi. Sasa mtu wa namna hii umwekee nyumbani mume asiye na kazi, anayefungua mlango kwa kishindo na kuuliza, "Hiyo itakuwa tayari saa ngapi? Mbona unachelewa?" Ndoa nyingine zimevunjika kwa dogo kuliko hilo.

Siku moja mumewe akajitolea. "Hizi keki zako wateja wanazifuata wenyewe, wanazibeba mapajani kama vifaranga. Nipe mimi nizipeleke. Gari ninalo, ramani ninayo."

Mama Keki akatikisa kichwa. "Mume wangu, keki si mgonjwa."

"Najua. Mgonjwa hulalamika."

Alipaswa kulifikiria vizuri jibu lile, kwa maana ndani yake ndimo ulimokuwa msiba wote. Keki ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya siku ya kuzaliwa ya watoto pacha. Bibie akamchagulia njia ya haraka zaidi, kijani kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kweli ilikuwa tupu, kwa sababu ina matuta kila baada ya nyumba chache na madereva wengine wote wanaipenda mifupa yao. Upepo aliyaruka matuta yale kwa mazoea. Alifika mapema mno, pacha bado wanaogeshwa. Alipofungua sanduku, akakuta kitu ambacho mama wa pacha alikitazama, akakitazama tena, kisha akauliza kwa upole kama hicho huliwa kwa kijiko.

Keki ya pili ilikuwa ya kumuaga mwalimu mkuu wa shule. Hiyo aliipitisha barabara kuu mpya, pana, isiyo na tuta hata moja, naye akajiona amejifunza. Barabara ikawa tupu, gari likakaa kwenye kasi aliyoizoea, na mbele gari dogo likakata ghafla bila indiketa. Upepo akashika breki. Yeye alisimama, gari likasimama, keki ndiyo haikusimama. Maneno "Asante Mwalimu" yalionekana vizuri kabisa kwenye mgongo wa kiti cha mbele, ila yakisomeka kinyumenyume.

Jioni hiyo Mama Keki hakugomba. Afadhali angegomba. Aliosha visu vyake, akavipanga, akakausha mikono, akasema, "Nimezungumza na kaka yangu."

Upepo akajua maji yamezidi unga. Huyo kaka, shemeji yake, alikuwa na gari dogo la mizigo na alikuwa dereva mpole ambaye hata konokono humpigia honi. Walikuwa wakitaniana miaka yote juu ya jambo hilo. Upepo alimwita Kesho, kwa sababu ukimtuma leo atafika kesho.

"Kwa hiyo umenifukuza," alisema.

"Sijakufukuza. Kuna ile keki ya harusi, ghorofa nne, kule ukumbini upande wa pili wa mji. Utaipeleka wewe, nami nitakaa nyuma niishike. Ikifika nzima, kazi ni yako, sitasema neno tena. Isipofika nzima, Jumatatu kaka anaanza, na wewe utapumzika."

Neno hilo la kupumzika ndilo lililomchoma. Usidhani aliogopa kupoteza kazi, maana hakuwa akilipwa hata senti. Aliogopa kile kiti cha sebuleni karibu na dirisha. Alishawaona wastaafu wenzake wakiingia kwenye viti vya namna ile wakiwa watu wazima wenye sauti, baada ya mwaka wamekuwa kama mito ya kochi, wanasogezwa ili watu wafagie. Upepo aliitaka kazi ya keki kwa sababu ilimpa mahali pa kufika, na kwa sababu, ingawa hakuwahi kumwambia mtu, alitaka mkewe amhitaji kwa jambo fulani. Miaka yote ile mama huyu alikuwa ameendesha maisha yake mwenyewe, kwa kuwa mume alikuwa mbioni. Sasa mume amerudi na hakuna aliyekuwa akimsubiri.

Mayai ndiyo yaliyomfungua macho. Alitumwa kununua trei za mayai, akaziweka nyuma, akapiga gia. Kwa kawaida mayai aliyoyaleta yeye yalifika mengine yamepasuka, na mkewe alishayapa jina la mayai ya kukaanga, kwa kuwa hayakufaa kingine. Siku hiyo bibie alimwonya kwamba mbele ni nyekundu, lakini Upepo alikuwa na mawazo ya Jumatatu, akapitwa na kona ya kuchepukia. Akaingia kwenye foleni mzima mzima. Alilaani, aligonga usukani, alimwita kila dereva aliyekuwa mbele yake jina la mnyama. Magari yalikuwa yakijivuta, yanasimama, yanajivuta tena. Alifika nyumbani amenuna, akapakua trei, na mkewe akayakagua mayai moja moja huku nyusi zikipanda.

"Hakuna lililopasuka," alisema. "Umeyabeba wewe au umembebesha mtu?"

Upepo alisimama pale jikoni na trei mkononi. Kisha akatoka bila kuaga, akaenda kukaa garini peke yake, akaiwasha ramani na kuitazama kama mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza. Kwenye kijani watu hukimbia, na wanaokimbia hushika breki. Kwenye chungwa na wekundu hakuna wa kukimbia, hakuna wa kukukatia, hata tuta unalipanda taratibu upende usipende. Mahali salama kuliko pote kwa keki mjini ni katikati ya foleni. Na yeye alikuwa na bibie anayejua kila foleni ilipo, sasa hivi, hata nyuma ya kona.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza, ule wa majirani. Upepo alijaza maji kwenye beseni, akaliweka nyuma ya gari, akaenda kuzitafuta foleni. Akirudi anapima kilichobaki. Aligundua kwamba nyekundu iliyoiva sana haifai, utakaa mpaka krimu iyeyuke. Kijani ni adui. Chungwa ndiyo yenyewe, chungwa inayokaribia wekundu, ambapo magari husogea bila kukurupuka. Bibie hakumwelewa hata kidogo. "Kuna njia ya haraka zaidi," alisema kwa upole ule ule.

"Bibie, siitaki."

"Kuna njia ya haraka zaidi."

"Nimeshakwambia, mama. Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa."

Alipompigia binti yake simu kumweleza, binti alicheka mpaka akakohoa. "Baba, nilikununulia kitu kile uikwepe foleni."

"Na mimi nakitumia. Mbona unalalamika?"

Siku ya harusi ikafika. Keki ilikuwa ya kutisha. Ghorofa nne nyeupe, kila moja na maua yake ya sukari, ndani yake vijiti vya kuishikilia isihame. Waliibeba watu wawili kutoka mezani hadi garini bila kupumua. Kiti kimoja cha nyuma kilikuwa kimelazwa kwa ajili ya keki, na kwenye kingine akakaa Mama Keki, amevaa nguo zake nzuri, mikono yote miwili ameizungushia ubao. Upepo aliwasha gari, akawasha kidude, akaitazama mistari. Njia ya mtaani ilikuwa kijani, ya matuta. Barabara mpya ilikuwa kijani, ya wendawazimu. Barabara ya zamani, inayopita katikati ya mji, ilikuwa imeiva chungwa mwanzo hadi mwisho. Akatabasamu.

"Mbona unatupeleka mjini?" mkewe aliuliza baada ya muda. "Huoni magari yalivyosongamana?"

"Nayaona. Ndiyo maana. Itazame keki."

Mama Keki akaitazama. Ua la juu kabisa, lile lenye shina jembamba kama sindano, lilikuwa limetulia kimya. Akaitazama barabara, akaitazama tena keki. Upepo alikuwa akimchungulia kwenye kioo, naye akaona mabega ya mkewe yakishuka taratibu.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Mayai."

Mama Keki alicheka. Halafu, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya ila kujivuta, walianza kuzungumza. Waliwasema binti na mchumba wake anayekula kama mchwa. Walibishana kama ukuta wa jikoni upakwe rangi gani. Upepo alifikiri kwamba hajawahi kukaa ndani ya gari na mke wake muda mrefu hivi bila mmoja wao kuitazama saa, na akaona ni jambo la raha, akashangaa kwa nini hakuna aliyemwambia mapema. Saa ya harusi ilikuwa kumi, na bibie alisema watafika kabla. Mambo yalikuwa yamenyooka.

Kisha mstari mbele yao ukabadilika rangi. Chungwa ikawa nyekundu, nyekundu ikakolea, na alama ndogo ya ajali ikatokea kwenye ramani. "Kuna ajali mbele," bibie alisema. "Pinda kulia sasa. Kuna njia ya haraka zaidi." Magari kadhaa yalimtii bibie wao yakapinda. Upepo aliitazama kona ile. Aliijua kwa matuta yake. Akabaki palepale, na nafasi zilizoachwa na waliopinda zikajazwa na magari mengine kutoka nyuma, mpaka barabara yote ikakazika kama kizibo.

Hapo ndipo aliposikia king'ora.

Kilikuwa nyuma, mbali kidogo, kinapanda na kushuka. Mtu mwingine angesikia kelele tu. Upepo alisikia kwamba gari halisogei, kwa sababu king'ora cha gari linalosogea hubadilika, na hiki kilibaki mahali pamoja kikilia. Akatazama kwenye kioo. Gari jeupe lilikuwa limekwama nyuma ya basi, taa zinazunguka. Basi likajibana pembeni, teksi ikajibana, gari jeupe likaja, likaja tena, na likasimama nyuma yake. Kulia kwake kulikuwa na lori lisilo na pa kwenda. Kushoto kulikuwa na ukingo wa njia ya waendao kwa miguu, wa saruji, mrefu, wa kupandwa kwa kishindo. Aliyeziba alikuwa yeye.

Mwili wake wote ulipata moto wa aibu. Miaka yote alikuwa amewalaani watu waliokaa njiani kama vigingi, na hata wao, maskini, walikuwa wamekutwa tu na foleni. Yeye aliifuata kwa miguu yake. Alionywa kwamba mbele pameziba, akaenda kupaziba zaidi, kwa ajili ya krimu.

Akashika gia na hakuiingiza. Upepo, ambaye hakuwahi kusita barabarani tangu apate leseni, alisita. Ukingo ule aliujua utakavyolirusha gari upande mmoja. Alijua keki ya ghorofa nne haiwezi kuuvumilia, na alijua Jumatatu iko karibu. Akakiona kile kiti cha dirishani, na yeye ndani yake. King'ora kikalia mgongoni mwake.

"Mama," alisema, "shika."

Hakumwomba ruhusa. Alikata usukani kushoto na kukanyaga mafuta. Tairi la mbele likapanda ukingo kwa kishindo, gari likalala upande, tairi la nyuma nalo likapanda, na nyuma yake akasikia kilio kifupi cha mkewe na sauti ya kitu laini kikianguka, kizito, chote kwa pamoja. Gari jeupe likapita karibu kiasi cha kukunja vioo. Lakini halikwenda mbali, mbele kulikuwa na vizibo vingine. Upepo alikuwa ameshafungua mlango. Alikimbia kati ya magari, kipara kinang'aa, anapiga maboneti kwa kiganja. "Wewe, panda! Panda juu! Na wewe mwenye miwani, rudi nyuma, hapo hapo, kata! Unasubiri mwaliko?" Sauti yake ilikuwa ile ya kazini, na watu hawaibishii sauti ya namna ile. Moja baada ya jingine magari yakapanda ukingo, na katikati ya foleni kukafunguka njia. Gari jeupe likaipita. King'ora kikaanza kubadilika, kikaenda, kikaisha.

Upepo alirudi garini polepole. Mama Keki alikuwa ameikumbatia keki kwa mikono, kifua na kidevu. Ghorofa ya juu ilikuwa imemwishia mapajani, na iliyofuata ilikuwa imelalia bega lake. Krimu ilikuwa hadi kwenye hereni. Ua la sukari lilikuwa limesimama juu ya goti lake, zima kabisa.

"Usinitazame," alisema. "Endesha. Nimezishika hizi tatu, mkono unakufa ganzi."

Wakajivuta hadi ukumbini. Huko Mama Keki aliingia jikoni moja kwa moja, akaomba maji, kisu na nafasi. Alipunguza ghorofa ya tatu iliyobonyea, akageuza upande wenye jeraha ukaelekea ukutani, akalipanda lile ua juu yake. Mumewe alisimama mlangoni kama mtuhumiwa. Shangazi wa bibi harusi akaja, akahesabu kwa kidole.

"Si tuliagiza ghorofa nne?"

"Ya nne imepisha gari la wagonjwa," Mama Keki alijibu bila kuinua kichwa.

Shangazi akashusha kidole. "Foleni ile ya barabara ya zamani?"

"Hiyo hiyo."

"Basi tuna nafasi ya kupumua, maana bibi harusi mwenyewe bado yuko ndani yake." Akaenda zake kuzungumza na wapiga muziki.

Walipokuwa wakirudi, Mama Keki hakukaa nyuma, kwa kuwa nyuma kulikuwa hakukaliki. Barabara ilikuwa imefunguka, kijani mbele yote, lakini Upepo aliendesha kama anasindikiza maiti. Simu ikalia, akaiweka kwenye spika. Alikuwa muuguzi mmoja wa zamani, wa zamu ya mchana.

"Upepo! Dereva wetu mpya anasimulia hapa kwamba kuna mzee mmoja mwenye kipara amepandisha gari lake kwenye ukingo, kisha akawapandisha na wenzake wote kwa matusi. Nimemwambia huyo namjua."

"Hao wa ajali vipi?" Upepo aliuliza.

"Wamefika wote. Mmoja alikuwa anavuja damu vibaya, daktari anasema angecheleweshwa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa hivi yuko macho, anauliza simu yake iko wapi."

Upepo alishukuru, akakata. Kisha akasema alilokuwa amelipanga tangu ukumbini. Mtu mzima hukaa kwenye neno lake, na yeye hakutaka kubembelezwa.

"Haikufika nzima," alisema. "Mpigie tu kaka yako. Sitanuna."

Mama Keki alikuwa akitoa krimu kwenye mkono wa gauni kwa ukucha.

"Miaka yote unakuja na hadithi zako za barabarani," alisema, "na mimi nakwambia unawe mikono. Sikuwahi kujua ulikuwa unazungumzia nini." Akageukia dirishani, akapangusa uso, na haikuwa krimu aliyokuwa akiipangusa. Kisha akakohoa, sauti yake ya jikoni ikarudi. "Jumatatu unipeleke mapema kununua vibati vipya vya kuokea. Vipana."

"Vibati vya nini tena? Si umesema Jumatatu kaka yako anaanza?"

"Kaka yangu abaki na gari lake. Dereva sibadilishi. Kuanzia sasa naoka keki fupi."